Dirisha Saba, Fungua Sita

Ruwi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri vya viyoyozi,
na kiyoyozi chetu kimekufa tangu Jumatatu.
Nje nyuzi arubaini na sita.
Ndani kompyuta nne zinahema kama mbuzi wa Idi.

Kazi yenyewe ni ndogo ukiieleza kwa mdomo:
kiwanda cha maji cha Barka kinataka dirisha moja,
vipimo sita, vitufe viwili,
lionekane vilevile chumba cha pampu, kwa mkaguzi,
na kwa Sreejith asiyetaka kuisikia Windows.
Nikaishusha maktaba inayojinadi kukaa kila nyumba.
Faili elfu mbili na ushei, unga mkavu.
Kukanda ni juu yako.

Kompaila ya Microsoft ilikanda dakika arubaini,
ikatoa maonyo mia tatu na kumi
kwa sauti ya karani wa benki, kisha ikaridhika.
MinGW, ya bure, iligoma kuingia folda
yenye nafasi katikati ya jina.
Nikaihamishia mzizi wa diski.
Nikateremka, nikanywa karaki, nikapanda:
ingali inasoma.
Ya tatu Borland, kizee cha enzi za diski laini.
Hatuna hiari. Moduli ya pampu iliandikwa kwayo
na Fundi Hamdun, aliyestaafu Ibra, anafuga nyuki,
hapokei simu kabla ya alasiri.

Zote tatu zikasema tayari.
Nikaziunganisha.

*Jina halijulikani.*

Halijulikani vipi?
Nimeliandika kwa vidole hivi: Dirisha, Fungua.
Nikachungulia ndani ya faili, nikaona walivyolifanya.
Mmoja ameanza na alama ya kuuliza,
kama mtu anayekushuku mlangoni.
Wa pili amehesabu herufi:
Dirisha saba, Fungua sita, akapachika tarakimu ubavuni.
Wa tatu ameligongea ile *a* ya barua pepe, mbele na katikati.
Chanzo kimoja. Na kila mmoja anaapa
huyo wa mwenziwe hamjui.

Bibi yangu alizaliwa Wete, akaitwa Chausiku.
Maskati karani hakuwa na *ch* kwenye herufi zake,
si kosa lake, akampa *shini*.
Pasi: Shausiku.
Hospitali: Tausiku.
Pensheni, sijui siku ile walilala, Jausiku.
Akafika dirishani, kijana akatazama skrini:
"Mama, huyu hayupo."
Na yeye yupo, na bakora yake,
na mkoba wenye karatasi zote tatu.
Akaomba kalamu. Akaivuta fomu ya serikali,
akaongeza nukta mbili tumboni mwa ile *jimu*:
"Haya. Sasa ni mimi."
Kijana alicheka.
Mfumo haukucheka.

Ipo amri moja, fupi, ya kale,
unayoiweka mlangoni pa msimbo: jina liacheni lilivyo.
Nikalijenga hapo barazani jembamba,
majina matupu, bila tarakimu, bila mashaka.
Borland hata hivyo ikabandika kistari mbele.
Nikaiachia. Mzee haachi kofia yake.

Saa tano usiku likafunguka.
Kwenye mashine ya kwanza, safi.
Kwenye ya pili, safi, ila kitufe cha Funga kimesogea kushoto.
Kwenye ya tatu maandishi yamevimba kama macho ya mwenye usingizi.
Sreejith alipiga kofi moja, akaenda kutafuta mkate.

Bibi akapiga simu. Nimekula?
Nikamwambia wamekubali kulijua jina.
"La nani?"
La dirisha, Bibi.
Akanyamaza kidogo. "Na hilo nalo walilipindua?"

Kipimo cha klorini kinasoma sifuri.
Sijui kama ni kosa langu
au ni klorini.
Kesho Barka.